Pesa ya serikali ikigonga mlango

 

Mwezi huu maneno ni mengi kwenye bomba la maji na sokoni. Ati serikali inagawa pesa za kuinua watu. Ati wenyeji wa parishi ya jirani wameshapokea, sisi tumesahauliwa. Ati huko kwetu Kongo zimetoka pesa za kujenga upya vijiji, na anayetaka jina lake liingie atoe kitu kidogo. Mtu akisikia maneno kama haya usingizi unakata. Baba analala anahesabu: nikipata nitanunua pikipiki. Mama naye pale pembeni anahesabu: tukipata nitalipa ada ya watoto na kuanza kuuza nguo. Wote wawili wanahesabu pesa ambayo hawajaiona, na hesabu zao hazifanani.

Ndiyo maana tumeona tuliongee jambo hili hapa, kwenye ukurasa wa familia. Pesa ya namna hii inatolewa ofisini, lakini inatumika nyumbani. Ikikuta nyumba imejipanga, inainua. Ikikuta nyumba haijaongea, inaleta ugomvi ambao haukuwepo hata wakati wa njaa.

KWANZA TUJUE MAJINA

Kuna pesa za aina nne ambazo watu wanazichanganya.

Mgao ni msaada wa kuishi, yaani chakula au pesa ya kununua chakula. Unaliwa, unaisha, na hiyo ndiyo kazi yake. Mkopo ni pesa ya kurudisha, mara nyingi pamoja na riba. Fidia ni malipo ya hasara au maumivu ambayo mtu alitendewa. Ruzuku ni pesa ambayo serikali inampa mtu, kikundi, kijiji au wilaya ili kazi fulani ifanyike, na haidaiwi tena kama kazi hiyo imefanyika.

Aliyeipokea harudishi, ni kweli, lakini msidhani ruzuku haina mwenyewe. Sehemu inatoka kwenye kodi, na hata yule mama anayenunua sabuni na sukari dukani amechangia humo. Sehemu nyingine serikali inakopa Benki ya Dunia, na nchi nzima inalipa pole pole kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "hizo ni za bure, tule tu", mjue kuna mtoto wa mtu atakuja kuzilipa.

WENZETU WALIOTOKA KAMBINI

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa hapa Uganda, upande wa kaskazini, kuna watu ambao waliishi kambini kama sisi, ila wao walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Vita vya Lord's Resistance Army vilidumu karibu miaka 20. Wakati mbaya kabisa, kama mwaka 2005, watu karibu milioni 1.8 walikuwa wanaishi makambini. Mashamba yalibaki msitu, ng'ombe walikwisha, watoto walikua bila kujua kulima kwa sababu hakukuwa na mahali pa kulima. Nani hapa anahitaji kuelezwa maisha hayo?

Agosti 2006, serikali na waasi walitia saini huko Juba mapatano ya kusimamisha mapigano. Mkataba wa mwisho wa amani haukupata saini ya Joseph Kony, lakini ndani ya Uganda bunduki zilinyamaza. Watu wakaanza kutoka kambini kidogo kidogo kurudi vijijini.

Sasa serikali ilikuwa na swali kubwa. Eneo zima limeanguka, linainukaje? Kulikuwa na mfuko ulioanza mwaka 2003, wenye dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia, ambao watu waliuita NUSAF. Vijiji vilichagua vyenyewe vinataka nini: visima, madarasa, nyumba za walimu, mifugo. Kisha Oktoba 2007 Rais Museveni alizindua mpango mkubwa zaidi wa amani, ujenzi na maendeleo ya kaskazini, PRDP kwa kifupi. Ulipangiwa dola milioni 606 kwa miaka 3. Ulikuwa na mambo manne: kurudisha polisi, mahakama na ofisi za serikali; kujenga upya jamii; kuamsha uchumi; na kupatanisha watu.

Tuangalie mpangilio huo. Pesa kubwa ilikuja baada ya bunduki kunyamaza. Na hata hapo haikuwa rahisi. Watu waliporudi, wengi walikuta ugomvi wa mashamba, kwa sababu wazee waliojua mipaka walikuwa wamefia kambini, na vijana walikuwa hawajui mti gani ulikuwa mpaka wa babu. Pesa inaweza kujenga darasa. Kumkumbusha mtu mpaka wa shamba la baba yake, hiyo ni kazi ya wazee wenyewe, tena wakiwa bado wako hai. Wazee wetu mnaosoma hapa, tafadhali, waambieni watoto sasa.

MAKUNDI 535 NA PESA YA MAKUNDI 265

Ndani ya ule mfuko wa NUSAF kulikuwa na sehemu ya vijana wa miaka 16 hadi 35. Mwaka 2006 serikali iliwaambia: jiungeni kikundi, andikeni mnataka kujifunza kazi gani, mtanunua vifaa gani, leteni. Kikundi kilikuwa na watu kama 22 kwa wastani. Wengi waliomba kujifunza ushonaji, useremala, kuchomelea vyuma na kusuka nywele.

Maombi yaliyokubalika yalikuwa mengi kuliko pesa. Makundi 535 yalistahili, pesa ikatosha makundi 265. Ikapigwa kama kura. Mwaka 2008 waliobahatika waliingiziwa pesa kwenye akaunti ya kikundi, kama dola 7,500 kwa kikundi. Kwa wastani kila mtu alipata dola 382, yaani kama shilingi laki 6 na nusu za Uganda za wakati ule. Kwa wengi wao ilikuwa karibu kipato cha mwaka mzima. Na baada ya hapo hakuna afisa aliyekuja kila wiki kuwasimamia.

Jamani, tuseme kweli. Wangekuja kutuuliza sisi wakati ule, wengi tungesema: vijana wa vita, wamepewa pesa, hakuna mtu wa kuwachunga, wataimaliza kwenye pombe.

Haikuwa hivyo. Watafiti watatu, Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, waliwafuata vijana hao kwa miaka mingi, waliopata na waliokosa. Waliopata walitumia sehemu kubwa kwa mafunzo, vifaa na mali ya kuanzia kazi. Walijifunza pamoja, kisha wengi kila mtu akafanya kazi yake mwenyewe. Baada ya miaka 4, kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Mali yao ya biashara ilizidi kwa asilimia 57. Na walikuwa wanafanya kazi saa nyingi zaidi, kwa asilimia 17. Kwa hiyo yule anayesema maskini ukimpa pesa anaacha kufanya kazi, mwambieni hivyo sivyo ilivyokuwa kaskazini mwa Uganda.

Lakini habari haijaisha. Watafiti walirudi tena baada ya miaka 9. Wakakuta kipato cha makundi yote mawili kimekaribia kulingana. Waliopata hawakuwa wameanguka. Ni wale waliokosa ndio walipanda. Walifanya vibarua, wakauza kidogo kidogo, wakaweka, mpaka wakawafikia wenzao. Tofauti iliyobaki ni kwamba waliopata ruzuku walikuwa bado na mali nyingi zaidi za kudumu, na wengi zaidi walikuwa na ufundi mkononi.

Habari hii tumeiongea sana sisi wa ukurasa huu, na tunaona inasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ruzuku inakuwahisha. Miaka kadhaa ya kula vizuri na kusomesha mtoto wakati yuko mdogo si kitu cha kudharau, kwa sababu mtoto hasubiri miaka 9. La pili, aliyekosa hajafungiwa mlango. Likelemba ya wamama kumi, shamba la kukodi, kibarua cha leo na biashara ya nyanya ya kesho, hizo njia nazo zinafika. Zinachelewa, lakini zinafika. Haba na haba, wazee walishasema.

Kwa hiyo kaka, dada, ukisikia jina lako halikutoka kwenye orodha, lia siku moja. Siku ya pili kamata jembe.

PANYA WA GHALANI

Hatuwezi kuongelea ruzuku bila kuongelea wizi. Oktoba 2012 Mkaguzi Mkuu wa Uganda alitoa ripoti kwamba mabilioni ya shilingi ya ule mpango wa kaskazini, sawa na Euro milioni 12 hivi, yamepotea ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Zilikuwa pesa zilizotolewa na Ireland, Norway, Sweden na Denmark. Nchi hizo zikasimamisha misaada, na Uganda ikalazimika kurudisha. Ireland peke yake ilirudishiwa Euro milioni 4. Mwaka 2013 mhasibu wa ofisi hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 5.

Tena mwaka 2023, mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu maskini wa Karamoja yalikwenda kwenye mikono mingine, na mawaziri watatu wakashtakiwa mahakamani.

Tunaandika haya kwa sababu moja. Pesa ikiibiwa huko juu, anayeumia ni mama wa kijijini ambaye hajui hata kwamba kulikuwa na pesa. Asiyejua hawezi kuuliza. Ndiyo maana mifuko iliyofuata, kama awamu ya tatu ya NUSAF iliyoanza mwaka 2015, iliagiza kila kijiji kichague kamati zake: moja ya kusimamia mradi, nyingine ya manunuzi, na nyingine ya kukagua matumizi. Kamati ya kukagua haiandikwi na mwenyekiti nyumbani kwake usiku. Inachaguliwa mchana mbele ya watu. Mkutano wa namna hiyo ukiitwa hapa kwetu, nendeni, na wamama msikae nyuma mkanyamaza. Ulizeni pesa ni kiasi gani, imeshatumika ngapi, daftari liko wapi. Kuuliza si kumtukana mtu. Mali bila daftari huisha bila habari.

NA SISI WAKIMBIZI JE?

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka, basi tuyajibu moja moja.

Kuna mradi wa serikali ya Uganda ulioitwa DRDIP, wa maeneo yanayopokea wakimbizi. Benki ya Dunia iliukubali mwaka 2016 kwa mkopo wa dola milioni 50, na mwaka 2019 ikaongeza dola milioni 150 za ruzuku. Ulifanya kazi kwenye wilaya zenye wakimbizi, kama Isingiro, Kyegegwa, Kamwenge, Adjumani na Yumbe. Ulijenga madarasa, vituo vya afya na barabara, ukapanda miti, ukasaidia vikundi vya kazi. Wengine mnalalamika kwamba pesa ilitoka kwa jina letu lakini darasa likajengwa upande wa wenyeji. Tufikirie kidogo. Tulipofika hapa, kuni zilipungua kwa nani? Kituo cha afya kilijaa kwa nani? Aliyetupa kiwanja cha kulima naye ana watoto. Darasa lile watoto wetu na wao wanakaa benchi moja. Likianguka tunalia wote. Kulitunza pia ni kazi ya wote.

Halafu kuna mfuko wa parishi, ambao Rais aliuzindua Februari 2022. Kila parishi inapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na familia inaweza kupata shilingi milioni 1. Huu ni mkopo, una riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Tena ni wa raia, mtu anaombwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu akija kwenye kijiji chetu na fomu za mfuko wa parishi, akisema kwa elfu 20 ataingiza jina la mkimbizi, huyo anatafuta chakula chake cha jioni mfukoni mwako. Mwiteni mwenyekiti.

Hili tuliseme kwa herufi kubwa moyoni: fomu ya ruzuku haiuzwi. Anayekuomba pesa ili upate pesa, mwogope.

NA HUKO KWETU?

Wengi mnauliza habari za Kongo. Tunayoyajua kwa hakika ni haya.

Serikali ya Kongo ina mpango wa maendeleo ya teritwari 145, ulioanza kutekelezwa mwaka 2022. Unajenga shule, vituo vya afya, ofisi za teritwari na barabara. Ni pesa ya majengo na miundombinu. Haigawiwi kwa mtu mmoja mmoja, wala mkimbizi hahitaji kuandika jina kambini ili shule ijengwe kijijini kwao.

Kuna pia fidia ya Uganda. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita vya mwaka 1998 hadi 2003, kwa vipande vitano vya dola milioni 65 kila mwaka. Humo dola milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumizwa na kuuawa, milioni 40 ni kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Kongo imeunda mfuko maalumu wa kugawa, unaoitwa FRIVAO. Hiyo ni fidia, kama tulivyosema pale juu. Inahitaji ushahidi. Mwenye karatasi za zamani, za hospitali, za shamba, za marehemu, azitunze kwenye nailoni, zisiliwe na mchwa. Tena asimpe mtu wa kupita njiani karatasi halisi.

Na sasa neno gumu. Kuna anayesikia "pesa ya kujenga upya" anaanza kufunga mizigo. Januari 2025 Goma ilitekwa, Februari ikafuata Bukavu. Fundi hajengi darasa mahali risasi zinapita. Kaskazini mwa Uganda amani ilitangulia, pesa ikafuata, na bado watu walipata taabu za mashamba. Kwa hiyo familia inayofikiria kurudi isiulize tu "wanatoa shilingi ngapi?" Iulize: tunakotoka kumetulia? Shamba letu linakaliwa na nani? Shule iko wazi? Nani wa ukoo yuko pale atupokee? Uamuzi wa kurudi ni wa kila familia, wala hatumwambii mtu aende au abaki. Tunachosema ni kwamba ahadi ya pesa peke yake isiwe ndiyo inayowabeba watoto kuwapandisha lori.

TUONGEE NYUMBANI KABLA PESA HAIJAFIKA

Sasa turudi ndani ya nyumba. Tuseme kikundi chako kimepata. Sehemu yako ni shilingi 650,000. Unafanyaje?

Tunajua hali ilivyo. Tangu 2023 mgao wa chakula hapa Uganda uligawanywa kwa madaraja, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa. Kumwambia mama ambaye chungu chake ni kitupu anunue cherehani, asiguse pesa nyingine, ni kumtania. Tumbo lenye njaa halijifunzi ufundi. Lakini tukila zote, baada ya miezi miwili chungu kitakuwa kitupu tena, na safari hii bila cherehani.

Njia ni kuipa kila pesa jina lake kabla haijaingia mkononi. Mfano: 100,000 iitwe chakula, iliwe bila aibu. 450,000 iitwe chombo na mafunzo. 50,000 iitwe uzi, mbao au chochote kile ambacho kazi inakula. 50,000 ibaki akiba ya siku chombo kitakapoharibika, kwa sababu kitaharibika. Hesabu imefika 650,000. Andikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani. Siku shemeji akija kuomba ya harusi, mtamwonyesha karatasi. Ni vigumu kugombana na karatasi.

Wababa, tuongee kidogo. Kama mke wako ndiye aliyekaa kwenye kikundi, akajifunza, akatia saini, cherehani ile ni chombo cha kazi yake. Usiiuze kwa sababu wewe ndiye kichwa cha nyumba. Kichwa kinachouza mikono yake kitakula na nini? Na wamama nanyi, pesa ya kufichana inazaa maneno. Aliyejua mapema kwamba pesa inakuja na ina kazi gani, ana sababu ndogo ya kukasirika kuliko aliyeambiwa na jirani.

Wazazi wenye vijana kwenye vikundi, tunajua mmewalea kwa shida, na mnaona sasa ni wakati wao wa kusaidia. Ni haki yenu kusaidiwa. Lakini mkimpokonya kijana randa na msumeno mkauza leo, kesho atarudi kukaa kwenye sahani yenu. Muacheni afanye kazi mwaka mmoja, halafu mkae naye mkubaliane atasaidia wadogo zake kwa kiasi gani.

Vijana, msiandike useremala kwa sababu jirani ameandika useremala. Zungukeni soko. Hesabuni mafundi waliopo. Kama kijiji kina washonaji kumi na mteja wa wawili, huo ushonaji utawalaza njaa. Ulizeni watu wanakwenda mbali kutafuta nini, hapo ndipo kazi ilipo.

Na vikundi, tunawaomba mambo matatu tu. Akaunti isiwe na saini ya mtu mmoja. Daftari lisomwe mbele ya wote, hata wasiojua kusoma wasikie. Na vifaa vikinunuliwa, kila mtu ajue ni kipi chake na kipi cha wote, siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda nyumbani. Vikundi vingi vinakufa kwa neno moja: "tutaongea baadaye".

MASWALI YA LEO JIONI

Baada ya kula, au hata kama hakuna cha kula, kaeni pamoja, watoto wakubwa wawepo, mjaribu kujibu haya:

1. Tukipata pesa leo, kila mmoja wetu angetaka ifanye nini? Kila mtu aseme, asikatizwe.

2. Ni ufundi gani tayari uko ndani ya nyumba hii ambao unakosa chombo tu?

3. Kama hatupati kitu, ni kitu gani kidogo tunaweza kuanza wiki hii bila kumsubiri mtu?

4. Karatasi zetu muhimu ziko wapi, na nani mwingine anajua zilipo?

Swali la tatu msiliruke. Makundi 270 ya kaskazini waliokosa bahati walilijibu kwa mikono yao, na walifika.

Mkishaongea, tuletee majibu yenu na maswali mengine, kwa maandishi au kwa mdomo, tutayaandika. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea habari za kutunza daftari la kikundi kwa mtu ambaye hakusoma sana. Kaeni kwa amani.